Kaa

Mwaka ule wavu ulipanda na tope,
viti vya pweza vitatu,
na buti la mpira, la mguu wa kushoto.
Marites akasema: rudieni.
Wakarudia. Nusu saa ileile, mwendo uleule,
kituo kilekile alichokitilia msalaba wa wino
miaka kumi na mmoja mfululizo.
Wavu ukapanda tena.
Hapo ndipo mtu wa winchi alipozima redio.

Kaa wa theluji hana makuu.
Ataka tope laini, giza,
na maji yanayokaribia kuganda lakini hayajaganda.
Barafu ya Bahari ya Bering ikiyeyuka juu
huacha chini dimbwi la baridi, zito, lisilotaka kuchanganyika,
naye humo hukaa,
gando kifuani, ganda mgongoni.
Chewa haipendi baridi ile. Hupita mbali,
na mdogo hupata kukua.

Majira mawili barafu haikuja.
Zakhar anakumbuka: Februari, maji meusi hadi upeo wa macho,
mawimbi yakigonga gati la Mtakatifu Paulo
usiku kucha, kama mdai.
Alidhani ni bahati. Alipaka mashua rangi mapema.

Kule Kodiak, kwenye matangi, Marites alikuwa na hesabu zake.
Kaa mmoja, nyuzi sifuri: kipande cha ngisi kinamtosha.
Kaa yuleyule, nyuzi tatu: karibu viwili.
Nyuzi tatu!
Tia mkono huku, tia kule,
utasema baridi ni moja.

Hakuna aliyeungua.
Ni njaa tu, moto usio na moshi chini ya ganda,
ukila mafuta, ukimaliza unakula nyama,
na alipopasua tumbo la dume moja kubwa
alikuta mguu wa mdogo, mzima,
umekunjwa kama miwani.

Kaa la moto ndani ya kaa.
Ripoti iliandikwa kwa lugha isiyo na neno hilo;
ikasema: upungufu wa nishati.

Mabilioni, wanasema. Mimi sijui bilioni inakaaje.
Agrafena alikaa kwenye mizani ya kiwanda miaka kumi na tisa,
naye alihesabu kwa njia yake:
zamu tatu, zamu mbili, moja,
kufuli.
Siku walipozima majokofu
aliwasikia sili wakibweka ufukweni
kutoka jikoni kwake, kwa mara ya kwanza,
akadhani ni mbwa wa mtu.

Marites alikuja kueleza. Ukungu uliizuia ndege siku nne.
Ukumbi wa shule, viti vya watoto, magoti yamegusa videvu,
mstari mwekundu ukutani ukishuka kama mtu aliyejikwaa.
Zakhar alisimama.
"Mizoga iko wapi?"
Bahari haiweki mizoga, alianza kusema,
kuna wenye kula, kuna mikondo, kuna tope,
kisha akanyamaza, akaifunga kalamu yake.
"Sikuiona," alisema. "Nilitafuta."

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyeondoka.
Agrafena alimkatia kipande cha pai ya samoni,
akamuuliza: utakaa siku ngapi?
Kisiwa hiki hakina mti hata mmoja,
hakuna cha kujishikiza upepo ukija,
mtu hukaa kwa sababu amekaa.

Kiangazi hiki wavu umeleta wadogo,
ukubwa wa kifungo cha shati. Wengi kidogo.
Marites hakutumia neno lolote zuri. Alitaja vipimo,
alitaja barafu ya mwaka huu, iliyochelewa,
akaomba wasimnukuu.

Agrafena ana ufunguo wa mlango wa nyuma.
Jumamosi huingia na kitambaa na maji ya siki,
anafuta sinia la mizani, pembe hadi pembe,
anapuliza vumbi, anangoja mshale utulie.
Unatikisika.
Unasimama kwenye sifuri,
nyuzi ileile waipendayo.